Bei ya Harusi ya Juni: Umsikilize Mwenye Kadi, Takwimu au Dalali wa Tandale?

Kamati ya harusi ilikaa Tabata, uwanjani kwa kina bibi harusi, Jumapili moja ya Januari. Niliitwa kama mpishi, na nilichotakiwa kufanya ni kutaja bei ya sahani kwa watu 300, shughuli yenyewe Juni. Pilau, wali mweupe, kuku, nyama, kachumbari, matunda, soda na maji. Watu hudhani ugumu wa kazi yangu ni moshi na masufuria. Hapana. Ugumu ni kuuza Januari chakula ambacho hujakinunua, na ambacho utakikuta sokoni mwezi wa sita kwa bei anayoijua Mungu.

Sijafungua mdomo, wazee wawili wakaanza. Mmoja sote pale tulimwita Shemeji. Ni mjumbe wa shina wa siku nyingi, kofia yake ya kijani ya CCM haitoki kichwani hata msibani. Akasema nisijaribu kupandisha bei, mambo yametulia, mfumuko wa bei ni asilimia tatu. Wa pili ni Bamdogo wa bwana harusi, mtu wa vidole viwili, ile alama ya Chadema, tangu ujana wake. Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee mwenzangu, hiyo asilimia tatu unaila na mboga gani? Mwezi wa sita kila kitu kitakuwa mara mbili. Mpishi, jikinge!"

Halafu wote wakanigeukia mimi.

Nimewahi kupata hasara kwa kumwamini mtu wa aina ya Shemeji, na nimewahi kupoteza kazi kwa kumwamini mtu wa aina ya Bamdogo. Kwa hiyo nawalinganisha hapa, pamoja na wengine ambao mtu wa Dar anaweza kuwauliza anapotaka kubashiri bei: takwimu za serikali, ripoti za kanda, tangazo la mafuta, dalali, na daftari lake mwenyewe. Kama una genge, unapanga ada ya shule ya chekechea au unakaribia kusaini pango la mwaka, swali lako ni hilihili langu.

Shemeji na Bamdogo

Tuanze nao kwa sababu ndio wanaopatikana bure na kila mahali, kuanzia kijiwe cha kahawa hadi kwenye siti ya nyuma ya daladala.

Ubaya wao si kwamba wanadanganya. Kila mmoja anaamini anachosema, na kila mmoja ana ushahidi mfukoni. Mwanzoni mwa 2023, mchele ulipovuka shilingi 3,000 kwa kilo hapa Dar, mimi nilikuwa nimeshachukua kazi mbili kwa bei ya zamani. Niliambiwa na mwenye kofia kama ile kwamba bei "itadhibitiwa". Ilikuja kushuka, kweli, lakini baada ya harusi zote mbili. Mwaka uliofuata sukari ikaadimika, mvua za El Niño zilikuwa zimevuruga uvunaji wa miwa na kazi ya viwanda. Rafiki yangu mmoja, anayesikiliza upande wa pili kama anavyosikiliza mahubiri, akaambiwa sukari haitashuka tena mpaka serikali ibadilike. Akajaza stoo. Sukari ikashuka, serikali ileile ikiwepo, yeye akabaki anauza kwa hasara huku akituambia ni siasa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu, na Marekani wamelipima kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikizihoji kaya kuhusu hali ya uchumi tangu 1946, na siku hizi kinawauliza pia wahojiwa wanaegemea chama gani. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2024, Rais akiwa wa Democratic, wafuasi wa Republican ndio waliotazamia bei kupanda sana, wale wa Democratic wakiwa watulivu. Trump wa Republican aliposhinda wakabadilishana misimamo, na hakuna mkate uliokuwa umebadilika bei dukani. Mei 2025, joto la ushuru wa forodha likiwa limepanda, wastani wa matarajio ya kupanda kwa bei ndani ya mwaka mmoja ulifika asilimia 6.6. Mfumuko halisi wa mwezi huo ulikuwa asilimia 2.4. Ndani ya ule wastani, Democratic walikuwa juu sana na Republican chini kabisa, utadhani ni nchi mbili zinazotumia sarafu moja.

Kwetu kupinduka kwa namna hiyo hakuonekani, maana chama kinachotawala hakijawahi kubadilika tangu vyama vingi virudi 1992. Ila ukisikiliza vizuri, kupo. Kupo ndani ya kofia za rangi moja. Baada ya Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki na Rais Samia kuapishwa, nilianza kuwasikia watu wa kijani kabisa wakilalamikia bei kwa maneno yaleyale ya Bamdogo: "Enzi za Mwendazake hili halikuwepo." Kadi haikubadilika, kilichobadilika ni mtu wao. Na wengine waliokuwa wakinung'unika kabla ya hapo wakaanza kuona unafuu. Tangu siku hizo nimeacha kuuliza mtu ni wa chama gani. Nauliza anampenda nani.

Kuna na la umri, ambalo watu hulichanganya na siasa. Shemeji alikuwa kijana 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu na msako wa wahujumu uchumi umepamba moto. Amepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu. Ameishi chini ya Tume ya Bei, chombo kilichoundwa 1973, kikapanga bei za maelfu ya bidhaa ambazo dukani hazikuwepo. Kwa mtu huyo, mradi kitu kipo rafuni, nchi ni nzuri. Bamdogo yeye aliungua Desemba 2011, mfumuko ulipofika asilimia 19.8 na mtaji wake wa duka la nguo Kariakoo ukayeyuka kama barafu ya Feri. Tangu hapo kila akisikia neno "mfumuko" anaona mwaka ule. Hata ungewabadilishia kadi leo asubuhi, kila mmoja angeendelea kubashiri vilevile.

Kuna dawa moja kwa watu hawa wawili. Nitaisema mwishoni kwa sababu niliijaribu palepale uwanjani.

Takwimu ya mwezi

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwezi Fahirisi ya Bei za Mlaji, yaani kipimo cha bei za kapu moja la bidhaa na huduma, na humo ndimo ilimotoka asilimia tatu ya Shemeji. Benki Kuu nayo hulenga mfumuko ubaki kati ya asilimia 3 na 5, na tangu Januari 2024 huongoza kwa riba yake. Kwa hiyo Shemeji hakubuni. Wastani wa mwaka 2022 ulikuwa asilimia 4.3, wa 2023 ukawa 3.8, wa 2024 ukawa 3.1.

Sasa angalia hapa ndipo watu wanapopigana bure. Shemeji anasema mfumuko umeshuka, Bamdogo anasikia bei zimeshuka, anaona ni tusi. Chukua kitu kilichokuwa 1,000 mwaka 2021. Kwa mwendo wa viwango hivyo vya miaka mitatu, 2022 kinakuwa 1,043, 2023 kinakaribia 1,083, na 2024 kinafika kama 1,116. Mfumuko umeshuka kila mwaka na bei imepanda kila mwaka. Wote wawili wamesema kweli, na wangeweza kunywa chai yao kwa amani.

La pili ni kapu lenyewe. Lina bidhaa na huduma 383, na chakula pamoja na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Humo mna nauli, kodi ya nyumba, simu, nguo, saluni. Mimi nikinunua kwa ajili ya harusi, karibu kila shilingi inakwenda kwenye chakula, na familia ya Mbagala inayokula zaidi ya nusu ya kipato haifanani na hilo kapu pia. Nyanya zikiruka, kapu la taifa linatikisika kidogo, langu linapinduka.

Wapo wasioiamini takwimu hii kwa sababu ya chama, na siwalaumu sana. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilibadilishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali, na ingawa 2019 kifungu hicho kililegezwa, shaka ikishaingia haitoki kwa tangazo la gazeti la serikali. Lakini ukiniuliza mimi, tatizo kubwa la namba ile ni kwamba ni wastani wa nchi nzima, na hakuna anayeishi kwenye wastani. Kwa pango la mwaka, mshahara wa dada wa kazi au ada, ichukue na uitumie, haina mshindani. Kwa mchele wa Juni, iache.

Kanda: swali la unakaa wapi

Pale kwenye kamati alikuwepo Mama Mkubwa, amekuja kutoka Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbeya, kwa ajili ya posa akabaki. Ni wa kijani kama Shemeji. Alisikiliza, akatazama kunguru kwenye mti, kisha akasema, "Nyinyi mnaombea mchele ushuke. Sisi ukishuka tunalia." Uwanja mzima ukanyamaza.

Hilo ndilo jambo ambalo mabishano ya vyama yanalifunika. Dar hailimi, Dar inakula. Mchele wake unatoka Mbeya na Kanda ya Ziwa, maharage Kigoma, viazi Njombe, nyanya Iringa na Morogoro, vitunguu Singida. Bei yetu ni bei ya shambani pamoja na lori, ushuru njiani, mpakuzi na dalali. Ile ile "nafuu ya bei" inayopigiwa makofi Tabata ni msimu mbaya kule Ubaruku, Mbarali. Wanachama wawili wa chama kimoja, kadi zenye rangi moja, wanaomba Mungu vitu viwili tofauti.

Benki Kuu huchapisha kila robo mwaka ripoti ya uchumi kwa kanda, Dar es Salaam ikiwa kanda peke yake, pembeni ya Ziwa, Kaskazini, Kati, Kusini Mashariki na Nyanda za Juu Kusini, na mfumuko wa kila kanda umo. Zanzibar wana ofisi yao na fahirisi yao. Ripoti hizi ni nzuri kwa kuelewa yaliyopita. Kwa kubashiri zinachelewa, robo ikifika mezani kwako, vitunguu vimeshaoza.

Ila zinafundisha kutohukumu haraka. Turudi Marekani kidogo. Agosti 2022 mfumuko wao wa taifa ulikuwa asilimia 8.3. Eneo la Phoenix, Arizona, lilikuwa na asilimia 13, eneo la New York asilimia 6.6. Mtu wa Phoenix aliyelia kwamba bei zinamuua angeweza kuitwa mshabiki wa upinzani, kumbe kodi ya nyumba imempanda na gari ndiyo miguu yake. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu wa Kigamboni, "hizo ni siasa", muulize analipa shilingi ngapi kufika kazini.

Jumatano ya kwanza

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sina mengi ya kusema hapa kwa sababu hapahitaji mengi. Agosti 2023 petroli ya Dar ilitoka 2,736 ikaenda 3,199 kwa usiku mmoja, na wiki haikuisha lori la viazi likanifikishia salamu. Kijani alilipa 3,199, na wa vidole viwili alilipa 3,199. Nauli ya daladala ya kilomita kumi za mwanzo ilipotoka 500 kwenda 600 Desemba ya mwaka huohuo, konda hakuuliza kadi ya mtu. Kama unataka chanzo kimoja kisicho na chama na kinachotoka kabla bei ya sokoni haijasogea, ni hiki. Kinakuonyesha wiki chache tu mbele, hiyo ndiyo kasoro yake.

Dalali

Wengi husema muulize mwenye soko, yeye hana siasa. Anayo. Chama cha dalali ni gunia lake. Sijawahi kumkuta dalali wa nafaka Tandale akaniambia bei itashuka kesho, labda yeye awe ndiye mnunuzi. Ukimuuliza "itakuwaje?" atakujibu kama Bamdogo, kwa sauti ya huruma zaidi.

Kwa hiyo namuuliza mambo mengine. Malori mangapi yameshusha tangu asubuhi? Mzigo huu ni wa msimu huu au wa stoo? Nawauliza na madereva, wakiwa wanakunywa supu: barabara ya Kitonga ikoje, kule kuna mvua? Namwangalia mpakuzi kama gunia limeshonwa sawa au ni lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo. Kwa maswali ya leo dalali ni mkweli kuliko watu wote niliowataja, ni yale ya kesho tu ndiyo yanamharibu.

Daftari

Daftari langu ni la kurasa mia mbili, limelowa mafuta pembeni. Siandiki bei peke yake. Naandika fungu. Mama wa genge la jirani hapandishi bei ya nyanya, fungu ni 1,000 mwaka nenda mwaka rudi. Anachopunguza ni nyanya. Nina ukurasa wenye saba, ukurasa wenye tano, na ukurasa wa masika wenye nne, mbili zikiwa zimebonyea na kugeuziwa upande mzuri juu. Mtu aliyezoea kusema "nyanya bado elfu moja" anasema kweli na anapunjwa.

Kuna kurasa za mwisho wa Oktoba 2025, baada ya siku ya uchaguzi, intaneti imezimwa na usiku haturuhusiwi kutoka. Nimeandika tarehe, na mbele yake neno moja: sikwenda. Zile siku chache mtaa mzima ulikuwa na makadirio ya bei na hakuna aliyekuwa na bei.

Daftari lina upofu wake. Linajua mtaa wangu na soko langu, halijui dola wala vita. 2022 mafuta ya kupikia yalipopanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, daftari lilikuwa na bei za zamani tu na likaniongopea kwa nia njema. Lakini linajua misimu. Linajua kwamba mchele wa Januari ni wa stoo, na kwamba mavuno ya Mbarali na Kyela yakianza kuingia kuanzia Mei, gunia huanza kulegea. Kwa maana hiyo, kwenye mchele Shemeji alikuwa na bahati ya kuwa sahihi, ingawa sababu haikuwa aliyoitaja. Kwenye nyanya na mafuta nisingemfuata hata kwa kulipwa.

Nilichokifanya uwanjani

Kuna utafiti umefanyika Marekani, watu wakiulizwa maswali ya uchumi bure, wanajibu kichama, wakiahidiwa pesa kwa jibu sahihi, pengo la vyama linapungua. Kwetu Afrobarometer, utafiti wa maoni ya wananchi wa Afrika ambao hapa nchini hufanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA, huuliza mtu anajiona karibu na chama gani, na huuliza pia serikali inafanya vizuri kiasi gani kuzuia bei zisipande. Mwishoni humuuliza mhojiwa anadhani nani amemtuma yule mhoji, na wapo wengi wanaojibu "serikali". Mtu anayedhani anaongea na serikali atakujibu kiserikali. Mimi sina fomu. Nina risiti.

Nikawaambia wazee: nawapa njia mbili. Mnaweza kunilipa sasa hela ya vyakula vyote, bei nimeifunga, Juni ikiwa juu au chini shauri yangu. Au mnalipa kishika kazi tu, na vyakula vitahesabiwa kwa bei ya wiki ya harusi.

Shemeji, ambaye kwake bei zimetulia, alitakiwa aruke na ya pili. Bamdogo, ambaye kwake kila kitu kitakuwa mara mbili, alitakiwa atoe noti palepale. Pakawa kimya. Kisha Shemeji akanisogelea, kofia ameishika mkononi kwa mara ya kwanza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama akifunga sasa ninaweza kumpunguzia kidogo. Bamdogo akawa anaangalia simu yake. "Juni mbali," akasema. "Tutaona huko huko."

Nilimkatalia Shemeji hela ya mchele, isingekuwa haki. Nilimwambia mchele tusubiri mavuno, mafuta ya kupikia na soda tufunge leo, kuku tufunge kwa mfugaji mwezi wa nne, nyanya na vitunguu niachieni nafasi ya kupanda. Mhazini akaandika. Sahani ikawa 15,000 bila mchele.

"Na mchele nauleta mimi," akasema Mama Mkubwa. "Kilo themanini, wa kwetu Mbarali."

Shemeji akauliza kwa bei gani.

"Ya Juni," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile Bamdogo na Shemeji wakaanza kulalamika kwa pamoja.